Albert Cook wa Mengo na safari ndefu ya dawa ya uchungu wa uzazi

KAMPALA. Mfanyabiashara anayetoka Mombasa kwa basi leo hugongewa muhuri Malaba au Busia, na muda si mrefu yuko katika vichochoro vya Kikuubo akiulizia bei ya jumla. Mwishoni mwa mwaka 1896 safari hiyo hiyo ilikuwa ya miguu na ilikula miezi. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa kutoka pwani, na ingefika Kisumu Desemba 1901. Kila kilichohitajika bara, kuanzia shanga na vitambaa hadi chupa za dawa, kilipanda kwa vichwa vya wapagazi, mzigo mmoja ukiwa na uzito wa karibu kilo 30.

Katika msafara mmoja wa aina hiyo alikuwamo daktari Mwingereza wa miaka 26, Albert Ruskin Cook. Alikuwamo pia muuguzi aliyeitwa Katharine Timpson. Walifika Mengo, makao makuu ya Kabaka wa Buganda, Februari 1897. Mwaka huo huo wakaanzisha hospitali kwenye kilima cha Namirembe ambayo mpaka leo inapokea wagonjwa. Ndiyo Hospitali ya Mengo, kongwe kuliko zote nchini Uganda.

Cook anakumbukwa kwa mambo mengi: ugonjwa wa malale, mafunzo ya waganga wasaidizi, vitabu vya Kiluganda. Lakini maisha yake yanajibu pia swali ambalo familia nyingi za wafanyabiashara wa mpakani hulikuta mlangoni mwa leba. Kama dawa ya kupunguza uchungu wa uzazi imekuwapo duniani tangu mwaka 1847, kwa nini mpaka leo wanawake wengi wa ukanda huu hujifungua bila kuiona? Jibu la haraka ni fedha. Historia ya Mengo inaonyesha sehemu nyingine ya jibu. Chupa ya dawa husafirishwa kwa miezi michache, lakini mtu wa kuipima na kukaa na mgonjwa usiku kucha huandaliwa kwa miaka.

Kijana wa Hampstead

Albert Cook alizaliwa Machi 22, 1870, Hampstead, London. Alisoma shule ya St Paul's, kisha Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na akamalizia udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's mwaka 1895. Angeweza kufungua zahanati London na kuishi vizuri. Badala yake alijiunga na Church Missionary Society, shirika la Kianglikana lililokuwa na wamisionari Buganda tangu 1877.

Katharine Timpson alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka saba. Alipata mafunzo ya uuguzi katika Hospitali ya Guy's, London, na alipofika Mengo akawa mkuu wa wauguzi wa hospitali hiyo changa. Mwaka 1900 alifunga ndoa na Cook. Bila yeye, habari ya uzazi katika maisha ya Cook haielezeki.

Mvinyo wa ndizi wa Bunyoro

Cook hakukuta nchi isiyojua chochote kuhusu uzazi. Wanawake wa Buganda walikuwa na wakunga wao wa jadi, na wajawazito walitumia emmumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba, ambao hata sasa unauzwa katika masoko ya Kampala.

Huko Bunyoro ustadi ulikuwa umefika mbali zaidi. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari wa shirika lile lile ambalo Cook angelitumikia, alipita mahali paitwapo Kahura na kushuhudia mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mpasuaji alikuwa Mnyoro. Mama alipewa mvinyo wa ndizi mpaka akawa nusu mlevi, na mvinyo huo huo ukatumika kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na kufunikwa kwa dawa ya mizizi. Siku 11 baadaye kidonda kilikuwa kimepona. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, ikawashangaza madaktari wa Ulaya, maana kwao wakati huo wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa.

Mvinyo ule ulikuwa dawa ya maumivu. Ulitolewa na mtu aliyejua kiasi cha kutosha kumlegeza mama bila kumzimisha, na wasaidizi walikaa naye mpaka mwisho. Mambo hayo mawili, kipimo na uangalizi, yanarudi katika kila hatua ya habari hii.

Klorofomu yapanda mlima

Dawa ya usingizi ya zama za Cook ilikuwa klorofomu. Daktari wa Edinburgh, James Young Simpson, ndiye aliyeanza kuitumia kwa wanawake wanaojifungua, Novemba 1847. Baadhi ya viongozi wa dini Uingereza walipinga, wakisema uchungu wa kuzaa umeandikwa katika kitabu cha Mwanzo. Mjadala ulipoa baada ya mwaka 1853, Malkia Victoria alipojifungua mwanawe Leopold akiwa amepewa klorofomu na daktari John Snow. Snow hakumlaza malkia usingizi. Aliweka kiasi kidogo kwenye kitambaa kila uchungu ulipokuja, akakiondoa ulipopita, kwa dakika 53.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Januari 1848, miezi michache tu baada ya ugunduzi wa Simpson, msichana wa miaka 15 kaskazini mwa Uingereza, Hannah Greener, alikufa akitolewa ukucha wa kidole cha mguu chini ya klorofomu. Pengo kati ya kiasi kinacholaza na kiasi kinachosimamisha moyo au pumzi ni dogo mno.

Kwa hospitali ya bara hata hivyo klorofomu ilikuwa na faida ambazo mfanyabiashara yeyote anazielewa. Chupa ndogo ilihudumia wagonjwa wengi, kwa hiyo mzigo ulikuwa mwepesi. Haikuwaka moto, jambo kubwa mahali ambapo taa ni za mafuta na paa ni la nyasi. Etha, dawa mshindani, huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 na hushika moto kwa urahisi. Kuisafirisha kutoka Mombasa katika jua la nyika kulikuwa ni kuomba hasara.

Hospitali ya kwanza ya Namirembe ilikuwa jengo la udongo, matete na nyasi. Humo Cook alifanya upasuaji wa kila aina: ngiri, macho, uvimbe, majeraha ya risasi, na uzazi uliokwama. Upasuaji wa klorofomu ulihitaji watu wawili, mmoja akishika kisu, mwingine akidondosha dawa kwenye kitambaa huku akitazama rangi ya uso, mboni za macho na kupanda kwa kifua. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa adimu. Daktari aliyebaki peke yake, hata akiwa na kabati lililojaa chupa, alikuwa na dawa asiyoweza kuitumia kwa usalama.

Vita, malale na moto

Miaka ya mwanzo haikumpa Cook nafasi ya kupumua. Julai 1897 Kabaka Mwanga alitoroka Mengo na kuanzisha uasi dhidi ya Waingereza. Miezi michache baadaye askari wa Kinubi waliokuwa wakiitumikia serikali ya kikoloni nao waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba, Busoga. Cook alikwenda huko kutibu majeruhi. George Pilkington, mmisionari aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiluganda, aliuawa katika mapigano hayo Desemba 1897.

Mwaka 1899 mdogo wake Cook, daktari mpasuaji Jack Cook, alijiunga naye. Mapema mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwatambua Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale waliothibitishwa Uganda. Ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulikwenda kuua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na visiwa na fukwe za Ziwa Victoria. Vijiji vilihamishwa, njia za mitumbwi zikafungwa, na biashara ya samaki ya ziwa ikavurugika kwa miaka.

Novemba 1902 radi ilipiga paa la hospitali mpya iliyokuwa imefunguliwa miaka miwili tu, ikateketea. Safari hii ilijengwa kwa matofali, na mwaka 1904 ikafunguliwa upya. Reli ilikuwa imeshafika ziwani. Dawa zilizokuwa zikitembea kwa miguu kwa miezi zilipanda treni hadi Kisumu na kuvuka kwa meli. Tatizo la usafirishaji lilipungua sana. Tatizo la watu lilibaki pale pale.

Maneno kwanza

Cook alitambua mapema kwamba dozi haipimwi bila lugha. Mgonjwa lazima aulizwe ana uzito gani, amekula saa ngapi, anasikia ganzi wapi, anapumua vipi. Mwaka 1903 alichapisha kamusi ndogo ya maneno na misemo ya tiba kwa Kiluganda, ili mganga mgeni aweze kumhoji mgonjwa, na Mganda anayesaidia hospitalini aelewe anachoagizwa.

Alikuwa pia na tabia ya kuandika. Kila mgonjwa aliyelazwa Mengo alifunguliwa maelezo yake: jina, anakotoka, ugonjwa, alichopewa, kilichotokea. Maelezo hayo yaliendelea kuandikwa mwaka hadi mwaka. Baada ya kifo chake watafiti wa Makerere, akiwamo J. N. P. Davies, waliyatumia kuonyesha aina za saratani zilizokuwapo Buganda tangu 1897, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 1964. Hospitali chache barani Afrika zina kumbukumbu ndefu kiasi hicho.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Mengo ilipokea askari majeruhi. Mwaka 1917 kikosi cha Waafrika wahudumu wa tiba kiliundwa kwa ajili ya jeshi la Afrika Mashariki, na Cook akawafundisha vijana elimu ya msingi ya udaktari. Mafunzo ya waganga baadaye yalihamia Mulago na Makerere katika miaka ya 1920, na hapo ndipo ilipoanzia shule ya udaktari iliyosomesha madaktari wa Uganda, Kenya na Tanganyika kwa vizazi kadhaa.

Katharine na wakunga

Kwa upande wa uzazi kazi kubwa ilikuwa ya Katharine. Baada tu ya vita alianzisha Namirembe chuo cha kufundisha wakunga, kikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa Robert Coryndon, gavana wa Uganda kuanzia 1918 hadi 1922. Wasichana wa Buganda na wa sehemu nyingine za nchi walifundishwa, wakatahiniwa, kisha wakapelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Ili wasome kwa lugha yao, Albert na Katharine waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiluganda, Amagezi Agokuzalisa.

Chuo hicho hakikuanzishwa kwa huruma peke yake. Serikali ya kikoloni iliogopa kwamba Waganda wanapungua. Mwaka 1908 daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, alikuwa ametangaza kwamba kaswende imeenea kwa watu wengi mno Buganda, na Cook alikuwa miongoni mwa madaktari walioliamini hilo. Wote wawili waliwalaumu wanawake na uhuru wao mpya. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona takwimu zile zilitiwa chumvi, na kwamba wengi wa wale waliohesabiwa walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa ambao hauenezwi kwa kujamiiana. Waganda walipimwa kwa lazima na kuaibishwa kwa sababu ya kosa hilo. Wakunga wa jadi nao walidharauliwa, na ujuzi wao mwingi ukasukumwa pembeni bila kuchunguzwa.

Hata hivyo wakunga waliotoka chuoni waliokoa maisha. Walijua kunawa, kukata kitovu kwa chombo safi, kutambua mtoto aliyelala vibaya na kumpeleka mama Mengo mapema. Kisichokuwamo katika mkoba wao ni klorofomu. Mkunga aliye peke yake katika kituo cha kijiji, maili nyingi kutoka kwa daktari, hangeweza kumzalisha mama na wakati huo huo kulinda pumzi yake. Kwa hiyo usalama wa uzazi ulisambaa vijijini, na nafuu ya uchungu ikabaki mlimani.

Afyuni yaingia leba

Wakati Cook akiwa Mengo, Ulaya ilikuwa ikijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1906 madaktari wa Freiburg, Ujerumani, waliwapa wanawake wanaojifungua mofini iliyochanganywa na skopolamini. Mofini hutokana na afyuni, na dawa zote za ukoo huo, za asili au za kutengenezwa, huitwa opioidi. Wanawake walisinzia na kusahau uchungu. Bei ya usahaulifu huo ilikuwa kwamba dozi ilimfikia pia mtoto kupitia damu ya mama, na watoto wengi walizaliwa wamelegea, wakipumua kwa shida. Pethidini, opioidi iliyotengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ilichukua nafasi ya mchanganyiko huo, na mpaka sasa inatumika katika hospitali nyingi za ukanda huu. Nayo huvuka hadi kwa mtoto.

Katika miaka hiyo hiyo dunia ilianza kuzibana dawa hizi kisheria, kwa mkataba wa Hague wa mwaka 1912 na ule wa Geneva wa 1925. Mkataba wa mwaka 1961 ndio unaotawala mpaka sasa. Kila nchi hutakiwa kukadiria mahitaji yake ya mwaka na kutoa kibali kwa kila shehena inayoingia. Kwa hiyo mofini na fentanili si bidhaa za kuvuka Busia pamoja na katoni za sabuni. Anayekamatwa nazo bila kibali anakabiliwa na sheria za dawa za kulevya katika nchi zote za jumuiya.

Cook aliwahi kuyaona mengi ya mabadiliko hayo. Mwaka 1932 alitunukiwa cheo cha Sir. Mwaka 1934 alistaafu, baada ya miaka 37 Mengo, lakini hakurudi Uingereza. Alijenga nyumba Makindye, akabaki. Katharine alifariki mwaka 1938. Mwaka 1945 Cook alichapisha kumbukumbu zake za Uganda, na Aprili 23, 1951, akafariki Kampala akiwa na miaka 81. Alizikwa Namirembe, kando ya kanisa kuu, hatua chache kutoka hospitali aliyoianzisha. Maktaba ya shule ya udaktari ya Makerere iliyoko Mulago inaitwa kwa jina lake.

Kipimo cha mikrogramu

Miaka 28 baada ya kifo chake ulitokea ugunduzi ambao ungemvutia daktari yeyote aliyewahi kudondosha klorofomu. Mwaka 1979 madaktari wa Israeli na wa Marekani walionyesha kwamba mofini kidogo ikiwekwa karibu na uti wa mgongo huzuia maumivu kwa saa nyingi. Haihitaji kuzunguka mwili mzima kwanza, kwa kuwa uti wa mgongo wenyewe una sehemu za kuipokea.

Hapo ndipo ilipozaliwa epidurali ya sasa. Mrija mwembamba huingizwa mgongoni hadi kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaozunguka uti wa mgongo. Kwanza wataalamu walitumia ganzi peke yake, kwa kawaida bupivakaini ya asilimia 0.25. Uchungu ulikwisha, lakini miguu nayo ilikufa ganzi, mama akashindwa kusukuma vizuri, na watoto wengi wakatolewa kwa koleo. Kuongeza opioidi kulibadilisha hesabu. Ganzi ikapunguzwa hadi kati ya asilimia 0.0625 na 0.1, na katika kila mililita ikatiwa fentanili mikrogramu 2 hivi. Dawa hizi mbili zikisaidiana, kila moja huhitajika kidogo.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia wanawake 1,054. Kati ya waliopewa epidurali ya zamani, takriban 35 katika kila 100 walijifungua kawaida bila koleo wala upasuaji. Kwa waliopewa dozi ndogo yenye fentanili walikuwa 43. Maumivu yalidhibitiwa, na mama akabaki na nguvu za miguu.

Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Fentanili ina nguvu kati ya mara 50 na 100 ya mofini. Anayenunua mahindi kwa gunia hutumia mizani moja, anayenunua dhahabu hutumia nyingine kabisa, na fentanili ni ya mizani ya dhahabu. Ikizidi, mama huwashwa mwili, husinzia, na pumzi yake hupungua, na mtoto naye huweza kuzaliwa mzito wa kupumua. Ganzi nayo ikizidi au ikiingia mahali pasipo pake hushusha shinikizo la damu ghafla. Ndiyo maana epidurali haitolewi kisha mtoaji akaondoka. Mtu lazima apime shinikizo la damu, pumzi, nguvu za miguu na mapigo ya moyo wa mtoto, tena na tena, mpaka mtoto azaliwe, na awe na dawa na vifaa vya kuokoa mambo yakiharibika.

Swali lile lile

Uganda haina aibu katika historia ya mofini. Tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa Uganda, lenye makao Kampala, limekuwa likiwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji inayochanganywa nchini kutokana na unga unaoagizwa nje. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa ili wauguzi na waganga wasaidizi waliofundishwa maalumu waruhusiwe kuiandika, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijathubutu. Kilichofanya mpango huo ufanikiwe ni mafunzo yaliyotangulia dawa.

Leba haijafika hapo. Epidurali hupatikana katika hospitali chache za Kampala, nyingi zikiwa za kulipia, na wataalamu wa usingizi na ganzi ni wachache kuliko mahitaji. Mtaalamu aliyepo zamu ya usiku mara nyingi huhitajika chumba cha upasuaji, ambako mama mwingine anapasuliwa ili kuokolewa. Utafiti uliofanywa kliniki ya wajawazito ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wanawake wachache sana wanaojua kwamba uchungu wa uzazi unaweza kupunguzwa kwa dawa. Walipoulizwa kama wangeitaka, wengi sana walisema ndiyo.

Kwa familia inayosafiri kati ya Nairobi, Kampala, Kigali na Juba, na ambayo huenda mama akajifungulia mji usio wake, maswali ya kuuliza kliniki kabla ya siku kufika ni machache. Je, hospitali ina mtaalamu wa usingizi na ganzi, na yupo usiku? Nani atakaa na mama baada ya sindano, na atapima nini, kila baada ya dakika ngapi? Gharama ni kiasi gani, na inajumuisha uangalizi au dawa tu? Mama aseme mapema pia kama ana tatizo la kuganda damu, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama ana kidonda au maambukizi mgongoni, kwani hali hizo zinaweza kuzuia sindano kabisa. Hospitali ikijibu kwamba dawa ipo lakini hakuna wa kumwangalia mama, bora mama apewe njia nyingine ya nafuu na mkunga wa kukaa naye.

Kutoka lango la Hospitali ya Mengo hadi makaburi ya Namirembe ni mwendo mfupi wa kupanda. Albert na Katharine Cook wamelala huko. Klorofomu waliyoileta ilishaachwa zamani kwa sababu ya hatari zake. Chini ya mlima wasichana bado wanasomea ukunga, na wodi ya uzazi bado inasubiri wa kukaa zamu ya usiku.